Bwana Hataki Joho



Msimu wa maonesho ukikaribia, swali linalotujia zaidi hapa kazini si la nguo ya mke. Ya mke huwa imeshapangwa zamani: kanga ya kisutu, suruali ya marinda, ukaya, pengine na barakoa iliyotariziwa. Swali ni la mume. Mke anataka waingie uwanjani wawili, wapendeze kama picha ya kale, mume na joho jeusi, kilemba cha debwani na jambia kiunoni. Mume kasema hataki. Wengine hukataa kwa utani, wengine hukasirika kweli, na wako wanaonyamaza tu. Huyo anayenyamaza ndiye mgumu kuliko wote.

Wake wengi hudhani ni haya, au ni ule uzito wa wanaume wa kupenda kukaa na shati walilozoea. Yawezekana. Lakini sisi tumeshapima mabega mengi ya waume wasiotaka, na mara nyingi tunaona kesi iko kwenye nguo yenyewe. Joho halikuwa nguo ya kila mtu visiwani kwetu. Kabla ya kumbembeleza bwana, jua kwanza unamwambia avae nini.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Mogadishu. Ijumaa ilipofika akaletewa nguo za kwendea msikitini, zawadi kutoka kwa sultani: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, maana watu wa huko hawakuwa na mazoea ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri yenye pindo la nakshi, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri kilichotariziwa. Mgeni hakuulizwa kama anazipenda. Kumvisha mgeni kulikuwa ni kumpa daraja yake mbele ya watu, na kila aliyemwona njiani alijua ni mgeni wa nani.

Kutoka hapo akateremka hadi Kilwa, na huko akakuta sultani aliyeitwa al-Hasan bin Sulaiman, maarufu kwa jina la Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Siku moja sultani anatoka kuswali Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa, zilezile za mwilini. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akamwambia fakiri ingia uzichukue. Watu wakamsifu sana. Mtoto wa sultani, mrithi wake, akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumlipa fidia yake: watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tulieni hapo, dada zetu. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukarimu, na ukarimu umo. Lakini sisi watu wa sindano macho yetu yameganda kwenye mizani: nguo za mwili mmoja upande huu, watu kumi upande ule. Miaka karibu mia saba iliyopita, katika pwani hii hii, nguo ya mkubwa na maisha ya mnyonge vilikuwa vitu vya kubadilishana.

Sasa tuje Unguja. Katika miaka ya 1830 na 1840 Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake hapa kutoka Muscat, mashamba ya karafuu yakaenea, na watumwa wakaletwa kwa maelfu kuyalima na kuyachuma. Katika mji wa namna hiyo mtu alisomeka kwa nguo kabla hajafungua mdomo. Wakubwa wa Kiomani walivaa joho juu ya kanzu, kilemba, na jambia lenye fedha. Neno lenyewe joho limetokana na jina la Kiarabu la kitambaa kizito cha sufu, na fikirini sufu katika joto letu: aliyevaa joho alikuwa anasema kwamba yeye habebi mzigo wala halimi. Muungwana wa kawaida alikuwa na kanzu nyeupe, kofia na viatu. Mtumwa wa shamba alikuwa na shuka au winda kiunoni, kifua wazi, miguu mitupu. Kichwa nacho wazi, kwa sababu mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Wanawake watumwa walijifunga merikani au kaniki, ile nguo ya rangi ya nili iliyokoza karibu na weusi, rahisi kuliko zote.

Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani kweli, ikiletwa na merikebu za mji wa Salem. Mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said na Wamarekani ni wa mwaka 1833. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, vitambaa vya Uingereza na India vikashika soko. Jina la merikani likabaki vinywani hata kitambaa kilipokuwa si cha Marekani tena, na hata leo mteja akiagiza merikani hatuulizi imetoka wapi.

Barakoa nayo, kwa wale mnaoitamani, ilikuwa nguo ya mabibi wa kasri na nyumba kubwa. Mtoto wa Seyyid Said, Salme, aliyezaliwa 1844 na baadaye akaolewa na Mjerumani na kuhamia Hamburg, aliandika kumbukumbu zake na kuzichapisha 1886, na mavazi ya ndani ya kasri ameyaeleza kwa kirefu. Huko Ujerumani alipigwa picha amevaa nguo za kwao Unguja. Tukiiangalia picha ile huwa tunajiuliza: nguo aliyokuwa akiamka nayo kila siku nyumbani kwao, ugenini imekuwa ya kuvaliwa kwa mpiga picha. (Na barakoa yenyewe, tangu mwaka wa Korona, mtoto ukimwambia avae barakoa atakuletea ile ya hospitali yenye mipira ya masikioni.)

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria 1897, wakati wa Sultan Hamoud bin Mohammed, na hata hapo masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hadi 1909. Tunayataja haya kwa mwaka kwa sababu yanahusu kabati la nguo moja kwa moja. Watu waliotoka utumwani walikwenda kununua nguo. Mwanamume akavaa kanzu nyeupe na kofia, akafunika kile kichwa kilichokatazwa kufunikwa. Akavaa viatu. Mwanamke akaiacha kaniki akajifunga kanga za rangi, doti kwa doti, na miaka michache mbele buibui likaenea, likavaliwa na mtoto wa nyumba kubwa na mtoto wa mfinyanzi sawasawa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 kwa wazazi waliokuwa watumwa na akauza vyungu kabla ya kwenda kurekodi sauti yake Bombay mwaka 1928, ni wa kizazi hicho.

Kwa hiyo dada, kanzu na kofia vinavyoonekana vya kawaida mno kwako, vile ambavyo mumeo huvaa kila Ijumaa na wewe unasema havina mvuto wa maonesho, ndivyo vilivyokuwa vazi la uhuru la maelfu ya watu wa hapa. Joho lilikuwa la wachache. Lilibaki na wenye utawala hadi Januari 1964, na utawala ulipoondoka, joho la utawala likaondoka nao. Lililobaki ni la harusi na la shughuli za dini, nalo ndilo wengi wenu mnalolijua.

Tulikuwa na mteja mmoja, bibi harusi wa miezi michache. Alitaka joho la mumewe liwe tayari kabla ya maonesho, na vipimo akatuletea kwa siri, kaviiba kwenye kanzu yake ya zamani. Siku ya kumwonesha kitambaa, mume akamwambia: "Mke wangu, babu yangu alikuwa hamali bandarini. Kabeba magunia ya karafuu za wenye majoho mpaka mgongo ukapinda. Leo mimi nilivae nikapigwe picha?" Hakupandisha sauti. Binti alikuja kwetu analia, anasema mume hampendi.

Tulimwuliza swali moja tu: huyo babu, siku ya Idi alikuwa akivaa nini? Hakujua. Akaenda kwa mama mkwe wake kuuliza, wakakaa jioni nzima. Babu alikuwa na kanzu moja ya bafta, ikifuliwa Alhamisi na kutiwa buluu iamke nyeupe Ijumaa. Alikuwa na koti jeusi la kuvaa juu ya kanzu, na kofia aliyoishona mwenyewe barazani, jioni kwa jioni, akirudi kazini. Mwaka 1948, wachukuzi wa bandari walipogoma na mji mzima ukasimama, babu huyo alikuwamo. Binti hakuwa ameyasikia hayo, na mume alikuwa ameyasikia nusu. Mama akayatoa yote kwa mara moja, kwa sababu kuna mtu aliuliza habari za kanzu.

Kitambaa cha joho tulikirudisha kabatini. Mume alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, kushonewa kanzu ya mtindo wa babu. Akatusumbua kweli kweli! Alitaka koti liwe na kola ileile aliyoielezwa na mama yake, na mara mbili tukaifumua.

Lakini isije ikadhaniwa kwamba joho ni nguo ya aibu. Wako waume ambao joho ni urithi wao halali, na wanalikataa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kuna nyumba hapa ambazo joho la babu lilikunjwa likatiwa sandukuni mwezi ule wa Januari 1964 na halikutoka tena, kwa hofu, na aliyelivaa hakurudi au aliondoka na jahazi usiku. Tumewahi kuletewa joho la namna hiyo kutiwa bitana mpya, limeliwa na nondo upande mmoja. Maonesho ya biashara ya Januari huambatana na sherehe za Mapinduzi, na unapomwambia mume wa nyumba hiyo alivae mchana kweupe siku hizo, unamgusa mahali ambapo pengine yeye mwenyewe hajapagusa na baba yake. Usimwambie "ni nguo tu". Huyu tunashauri aachwe, au joho livaliwe kwanza katika Maulidi ya nyumbani, mbele ya watu wake. Akitaka kwenda nalo mbali zaidi, atasema.

Wako pia wanaokataa kwa dini, na hawa wana haki ya kusikilizwa. Mtume, sala na amani ziwe juu yake, ameharimisha dhahabu na hariri kwa wanaume wa umma wake na kuzihalalisha kwa wanawake. Hilo linajulikana. Wachache wanajua kwamba imepokewa pia ruhusa ya hariri kidogo kwenye nguo ya mwanamume, upana wa vidole viwili, vitatu au vinne, na ndiyo maana pindo jembamba la joho wanavyuoni wengi hawakulitilia shaka. Nyuzi za "dhahabu" za madukani leo nyingi ni plastiki iliyotiwa rangi, na kitambaa kinachoitwa hariri mara nyingi ni poliesta. Muoneshe bwana lebo ya jora, na likibaki la kutatiza aulizwe sheikh anayemwamini yeye, si anayekupendeza wewe. Urefu nao: akitaka nguo isishuke chini ya fundo la mguu, tunakata hapo, wala joho haliharibiki.

Yako na makatazo ya nguo ya kujitafutia umaarufu. Mume akikutajia hadithi hiyo usimcheke. Mwambie kwamba katika maonesho ya mavazi kila mtu kavaa ya zamani, na asiyevaa ndiye atakayetazamwa, kisha mwachie nia yake mwenyewe. Yupo sahaba aliyeuliza kama ni kiburi mtu kupenda nguo yake iwe nzuri, akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Na wako ambao, tusidanganyane, wanaona joto tu. Januari ni kaskazi, jua kali, na joho ni zito. Mume huyohuyo alivaa joho siku ya mahafali ya chuo, akatoa jasho kutwa, na picha ikatundikwa ukumbini kwa mama yake, hakulalamika. Kwa hiyo akikwambia joto, msikilize, kisha mkumbushe mahafali kwa upole.

Ukishajua sababu yake, kuna mengi ya kuchagua, na si lazima yafanane na ya jirani. Anayependa bahari avishwe kinahodha: kikoi cha pindo pana, kizibao, kilemba kilichofungwa kwa mkono. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yakiingia bandari zetu na huo upepo wa kaskazi, kwa hiyo kwa Januari hakuna vazi la kweli zaidi ya hilo, tena lina hewa. Anayependa mji avae kanzu, koti na tarabushi kama wapigaji wa taarabu wa zama za Ikhwani Safaa, klabu iliyoanza 1905. Mwenye asili ya Ngazidja tunamwomba aulize kwao kwanza, maana huko mharuma wa begani ni wa aliyekwisha kutimiza ndoa kubwa, na wazee wakimwona nao kijana ambaye hajaitimiza watamuuliza palepale uwanjani.

Kanzu ya kale tunaipenda kuliko zote, na kazi yake haionekani kwa mbali. Zile za madukani nyingi hukatwa badani mbele na nyuma zikaungwa ubavuni, basi. Ya zamani ina taharizi ubavuni ili mtu apige hatua, ina kikwapa ili mkono unyanyuke bila kuvuta bega, ina kaba shingoni na sijafu kwenye mikono, na darizi yake ni ya uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, uione ukiwa karibu. Mume anayesema kanzu humbana ni kwa sababu hajawahi kuvaa yenye kikwapa. Kanzu hii hii ilipanda bara na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19 hadi Buganda, wakaitia tarizi ya rangi nyekundu iliyoiva kifuani, na leo mwanamume wa huko, Mwislamu au Mkristo, haendi kujitambulisha ukweni bila nayo. Sisi wenyewe tunaiona ya kulalia.

Namna ya kumwambia, basi. Usianze na picha ya simu ya bwana wa mtu mwingine. Usimwambie mbele ya dada zake wala mbele ya mama yake, hata kama mama yuko upande wako. Mwulize habari za babu yake kabla ya kutaja maonesho, na umwache azungumze. Kitambaa achague mwenyewe. Mifuko mwahidi miwili, wa simu na wa funguo, kwa sababu nusu ya ugomvi wa wanaume na nguo za kale ni mifuko. Kama kuna jambia, liwe butu na liwe ndani ya ala muda wote, watoto wa maonesho mnawajua. Akikubali kanzu akakataa kilemba, shukuru uchukue kanzu. Qur'ani katika Suratul Baqara imewaita mke na mume nguo kwa mwenziwe, na nguo ikiwasha mtu huivua.

Na akikataa kabisa, nenda naye na shati lake. Vaa wewe kisutu chako upendeze. Tumeona waume wawili watatu walioingia uwanjani na shati wakatoka wanauliza bei ya kofia.

Juu ya hizo kofia: tunazosema ni kofia za viua, zinazotobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, tundu baada ya tundu, na moja nzuri huchukua miezi. Mashine huiga mchoro, lakini tundu zake ukizielekeza kwenye jua hazipitishi mwanga sawasawa. Wanawake wanaotushonea ni wachache na wana watoto na mashamba. Kichwa cha bwana kipimwe kwa uzi juu kidogo ya masikio, asubuhi kabla hajanyoa na tena akishanyoa, na vipimo vyote viwili mtuletee. Anayetaka kofia kwa Januari aagize kabla ya Ramadhani hii kuisha.